Siku Tatu Lubumbashi: Wapi Ulipe Bei ya Kampuni, Wapi Ulipe Bei ya Nyumbani

Lubumbashi haijazoea watalii, na jambo hilo utaligundua kwanza kwenye bei. Marrakech au Zanzibar kuna chumba cha mwanafunzi, cha familia na cha tajiri, kwa sababu wageni wa kila mfuko wamepita huko miaka nenda miaka rudi. Lubumbashi ilianzishwa mwaka 1910 kwa ajili ya shaba, na mpaka leo mgeni wake wa kawaida ni mtu aliyetumwa: mhandisi wa mgodi, muuza vipuri, wakala wa forodha, mtu wa benki. Chumbani analala yeye, hesabu inakwenda ofisini. Hoteli zimepanga bei zikimtazama huyo.

Chini ya bei hiyo ya kampuni ipo bei ya nyumbani, ile wanayoishi nayo watu wa mitaa ya Katuba, Kenya (jina la mtaa, si nchi) na Ruashi. Kati ya hizo mbili hakuna ngazi nyingi. Kwa hiyo anayekuja mara ya kwanza kwa siku chache, tuseme kutoka Dar es Salaam au Nairobi, hana haja ya kutafuta "bei nafuu" kwa kila kitu. Kazi yake ni kuchagua mapema mambo mawili matatu atakayolipa kama kampuni, na mengine yote alipe kama jirani.

Tuanze na njia, maana ndiyo inayokula fedha nyingi kuliko yote.

Uwanja wa ndege wa Luano unafikiwa na Kenya Airways kutoka Nairobi na Ethiopian kutoka Addis Ababa, na Air Tanzania nayo imeingia katika njia hii miaka ya karibuni. Ratiba hubadilika, na si kila siku kuna ndege, kwa hiyo panga safari kwa kufuata siku za ndege na si siku za likizo. Ukilinganisha tiketi, uliza jambo moja ambalo wengi hulikuta uwanjani wakiwa wamebakiza sarafu: Go-Pass. Hiyo ni ada ya kuendeleza viwanja vya ndege iliyoanzishwa mwaka 2009, ikawekwa dola 50 kwa anayeondoka kwenda nje ya nchi na dola 10 kwa safari za ndani. Uliza kama imo ndani ya tiketi au utadaiwa siku ya kuondoka, na ni kiasi gani kwa sasa. Tiketi inayoonekana rahisi kwa dola 40 inaweza kuwa ghali kwa dola 10 ukishajua jibu.

Njia ya pili ni kushuka Ndola, Zambia, kisha kupanda magari madogo kupitia Kitwe, Chingola na Chililabombwe hadi Kasumbalesa, kama kilomita 150. Unavuka mpaka kwa miguu, unapanda teksi ya kuchangia, na baada ya kilomita zisizofika 100 uko mjini. Kwenye ramani inavutia. Barabarani utakutana na foleni ya malori ya shaba inayoweza kuanza mbali kabla ya mpaka, na pale Kasumbalesa watakujia vijana wengi wa "kukusaidia" na makaratasi, kila mmoja akitarajia chochote. Ushauri wangu: tofauti ya tiketi ya kwenda na kurudi ikiwa chini ya dola 100, achana na Ndola. Ikizidi hapo, nenda, lakini fika mpakani asubuhi. Kumbuka pia kwamba ukivuka tu, magari yanahamia upande wa kulia wa barabara, ingawa mengi yana usukani wa kulia kama ya kwenu kwa kuwa yameingia kupitia bandari zile zile.

Njia ya tatu ni basi. Dar hadi Tunduma pekee ni zaidi ya kilomita 900. Kisha Nakonde, Mpika, Kapiri Mposhi, Copperbelt yote, ndipo Kasumbalesa. Jumla ni kama kilomita 2,000 na mipaka miwili. Nauli ya basi ni sehemu ndogo tu ya ile ya ndege, na hapo ndipo watu hudanganyika. Ongeza chakula cha njiani, chumba cha kulala mnapokwama, hasara ya kubadilisha shilingi kuwa kwacha na kwacha kuwa faranga, kisha hesabu siku: mbili kwa bahati nzuri, tatu mara nyingi, na hiyo ni kwenda tu. Mfanyabiashara mwenye mzigo anajua kwa nini anakaa ndani ya basi. Mwenye likizo ya juma moja atafika amechoka, atalala usiku mbili, ataanza kurudi. TAZARA, yenye kilomita 1,860 kutoka Dar hadi Kapiri Mposhi, ni safari ya maisha kwa mpenzi wa treni, lakini ichukuliwe kama safari yenyewe. Usiipangie miadi ya upande wa pili.

Kuhusu viza, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na watu wengi wakadhani milango imefunguka kwa wote siku hiyo hiyo. Masharti yanategemea pasipoti yako na yamekuwa yakibadilika. Pata jibu la ubalozi kwa maandishi, lichapishe, libebe. Karatasi yenye mhuri inaokoa fedha nyingi kuliko ubishi wa mpakani.

Sasa malazi. Hapa ndipo ninaposema lipa kama kampuni, lakini kampuni ndogo. Juu kabisa ipo Grand Karavia, kando ya ziwa na uwanja wa gofu: bustani, bwawa la kuogelea, utulivu, na bei inayoendana na hayo. Kwa mgeni wa siku tatu nadhani ni fedha iliyopotea, maana kila ukitaka kuuona mji unalipa teksi kuufuata. Kinyume chake ziko nyumba za wageni za mitaa ya mbali, rahisi sana, ambako usiku wa kwanza umeme ukikatika ndipo unapoelewa kwa nini ni rahisi. Kati yao chagua hoteli ya kawaida au nyumba ya wageni ya watawa, katikati ya mji, mahali ambapo posta, kanisa kuu na makumbusho unafika kwa miguu.

Kabla ya kulipa, uliza maswali haya kwa simu. Jenereta inawaka usiku kucha au inazimwa saa nne? Maji yana tangi? Bei ni ya chumba au ya mtu? Kodi imo? Kuna mtu wa kunipokea Luano, na kwa kiasi gani? Umeme wa shirika la SNEL hukatika, na hoteli mbili zenye picha zinazofanana huweza kutofautiana kwa dola 20 kwa sababu ya dizeli tu. Hizo dola 20 zilipe.

Fedha zenyewe zina tabia zake. Dola na faranga zinatembea pamoja: chumba, teksi ya uwanja wa ndege na mlo wa hoteli hutajwa kwa dola, mkate, nauli na karanga kwa faranga. Noti ya dola iliyochanika hata kidogo pembeni, iliyoandikwa kwa kalamu au iliyochakaa, itakataliwa na muuza vocha kama atakavyoikataa mhasibu wa hoteli. Zikague noti zako moja moja nyumbani, kwenye mwanga. Mwaka 2024 dola moja ilikuwa kama faranga 2,800, lakini kiwango hupanda na kushuka, kwa hiyo uliza watu wawili siku ile ile kabla ya kubadilisha, na badilisha kidogo kidogo. Ukilipa kitu cha dola mbili kwa noti ya kumi, chenji itakuja kwa faranga na kwa kiwango cha muuzaji. Hapo ndipo mgeni hupoteza bila kujua, mara kumi kwa siku.

Wakenya watafarijika kuona majina wanayoyajua: Equity iko hapa kwa jina la Equity BCDC, na TMB, benki iliyozaliwa Lubumbashi mwaka 2004, ilinunuliwa na KCB mwaka 2022. Mashine zao hutoa dola. Ila M-Pesa ya hapa ni ya Vodacom Congo. Usije ukitegemea salio lako la Nairobi au Dar.

Chakula ni upande wa bei ya nyumbani, na sioni sababu ya kufanya vinginevyo. Bukari (ugali) na sombe (kisamvu), samaki wa thomson, lengalenga (mchicha), maharagwe: mama wa mgahawa wa mtaa wa Kenya au Kamalondo atakushibisha kwa kiasi ambacho hotelini hakinunui supu. Jioni tafuta michopo, nyama ya mbuzi ya kuchoma inayokatwa mbele yako, na uagize kwa kuonyesha kipande kabla hakijawekwa kwenye mizani. Migahawa ya katikati ya mji ni ghali kwa sababu inayoeleweka: vitu vingi vya friji na vya makopo vimetembea kwa lori kutoka Zambia na Afrika Kusini. Mara moja inatosha. Maji kunywa ya chupa, na hiyo usiifanyie uchumi.

Ndani ya mji, magari ya kuchangia ni rahisi sana, lakini yanafuata njia zake na mgeni hutumia nusu siku kuzijifunza. Pikipiki ni za haraka. Mimi sizipendi barabara ikiwa na mchanga wa malori. Kwa siku moja ya kuzunguka, kodi teksi nzima kwa saa, mkubaliane bei kabla mlango haujafungwa, mkiwa watatu mgawane. Ukiwa peke yako, tumia miguu katikati ya mji na teksi usiku tu.

Vya kuona havigharimu sana. Makumbusho ya taifa yana vyungu vya kale kutoka Sanga na misalaba ya shaba iliyokuwa fedha kabla ya faranga. Karibu ni jengo la 30 Juin, lililokuwa jumba la maonyesho wakati wa Wabelgiji. Kuna kanisa kuu la matofali la Watakatifu Petro na Paulo, na sinagogi la Wayahudi waliotoka Rhodes. Uwanja wa TP Mazembe uko Kamalondo, na siku ya mechi tiketi ya jukwaa la wananchi ndiyo burudani bora kuliko zote kwa bei yake. Hii ni timu iliyotwaa ubingwa wa Afrika mara tano. Bomba refu la moshi la kampuni ya migodi ya Gécamines na mlima wake mweusi wa taka za shaba utauona bila kulipa. Kuupiga picha ni shauri lingine: uliza kwanza, na kwenye askari, uwanja wa ndege na majengo ya serikali weka simu mfukoni.

Siku ya tatu watu hushawishika kwenda Kolwezi. Ni kilomita 300 kwenda tu, acha. Nenda Shilatembo, kama kilomita 50, mahali alipouawa Patrice Lumumba tarehe 17 Januari 1961, urudi mchana ule ule ununue malakiti au sahani ya shaba iliyogongwa kwa mkono, na udai risiti ya kuonyesha uwanjani.

Njoo kati ya Mei na Agosti, mvua zikiwa zimekwisha, na ubebe sweta: mji uko kama mita 1,200 juu ya bahari na usiku wa Juni ni baridi kweli. Saa yake iko nyuma ya Dar na Nairobi kwa saa moja.

Nikipewa dola 300 kwa usiku tatu, tiketi na Go-Pass vikiwa vimelipwa, ningeweka 165 kwenye chumba chenye jenereta, 50 kwenye teksi pamoja na safari ya Shilatembo ya kuchangia, 40 kwenye chakula, na 45 nisiziguse mpaka nimepita ukaguzi wa Luano. Mwenye dola 150 aje na ndugu wa kumpokea, au asubiri.

Na kadi ya chanjo ya homa ya manjano itaulizwa mlangoni. Chanjo hiyo huanza kuhesabiwa siku 10 baada ya sindano, kwa hiyo ichome kabla ya kununua tiketi.