Mabomba Yaliyopandishwa Juu ya Mapaa

Maji yaliyo safi kabisa kwenye mtambo huweza kumfikia mnywaji yakiwa yamechanganyika na kinyesi, bila mtu yeyote kuyachafua kwa makusudi. Wakazi wa Kibera, jijini Nairobi, wanaijua vyema taabu hiyo, na ndiyo iliyomfikisha Kennedy Odede kwenye kazi ya mabomba.

Odede alikulia Kibera katika umaskini uliomnyima masomo ya kawaida. Mwaka 2004 alinunua mpira kwa fedha kidogo za kibarua, akawakusanya vijana wenzake. Kutokana na kikundi hicho kilizaliwa chama cha SHOFCO. Mwaka 2009 chama kilifungua shule ya wasichana, na mwaka uliofuata zahanati. Yeye mwenyewe alikwenda Marekani, akahitimu Chuo Kikuu cha Wesleyan mwaka 2012. Lakini zahanati, hata iwe njema vipi, humtibu mgonjwa wa kuhara kisha humrudisha kwenye maji yale yale. London ililiona jambo hili mwaka 1854, daktari John Snow alipoonyesha kwamba kipindupindu kilienezwa na maji ya kisima kimoja cha mtaani.

Katika mitaa iliyosongamana, mabomba ya plastiki hutandazwa ardhini, mengine yakipita ndani ya mifereji ya maji machafu. Maji yanapotoka kwa nguvu, ufa mdogo huvujisha nje tu. Hatari huanza yanapokatwa. Maji yaliyobaki huteremka kuelekea bomba la chini, na kanieneo ndani ya bomba hushuka kuliko ile ya hewa ya nje. Hapo ufa huanza kunyonya. Kilichouzunguka ndicho kitakachoingia.

Mwanafunzi wa fizikia aweza kulithibitisha hili kwa mpira wa maji wenye tundu dogo. Aizamishe sehemu yenye tundu katika beseni la maji yaliyotiwa wino, mdomo wa chini uwe chini sana kuliko beseni, kisha maji yakiwa yanapita aufunge mdomo wa juu. Wino utaonekana ukitoka chini. (Maji hayo yasinywewe!)

SHOFCO ikayapandisha mabomba yake juu ya nguzo, yakapita juu ya mapaa hadi kwenye vibanda vya kuchotea maji. Ufa ukitokea huko, bomba hunyonya hewa, si uchafu. Nalo tone linalodondoka huonwa na kila mpita njia, na fundi huitwa upesi. Kwa maoni yangu, faida hii ya pili haipungui ile ya kwanza.

Hata hivyo jua la Ikweta lina madhara yake. Miali yake huidhoofisha plastiki, ndiyo maana mabomba ya aina hii hutiwa masizi meusi. Lakini rangi nyeusi huvuta joto, na klorini hupotea haraka zaidi katika maji ya moto. Tena bomba halina uwezo juu ya ndoo. Iwe Kibera au Kiloleli, mkoani Simiyu, maji salama yakitiwa katika chombo kichafu, au yakichotwa kwa kikombe kilichoshikwa na mkono usionawa, hurudi kuwa maji ya hatari kabla ya jioni.