Rangi Mbili na Kidonda cha Mama Mdogo

Mwezi uliopita mama mdogo alinipigia simu kutoka nyumbani. Ana vidonda vya tumbo, na daktari anataka kumpitishia mpira wenye kamera anyofoe vipande vya nyama. Yeye hataki. "Wanikate ya nini, mwanangu? Dawa si nameza?" Kwa kuwa nasomea mambo ya maabara, nilimweleza hivi.

Kwa kamera peke yake, kidonda cha kawaida na kansa vinaweza kufanana. Tena kidonda cha kansa huweza kutulia kidogo kwa dawa za kupunguza asidi, ukadhani umepona. Ndiyo maana daktari hunyofoa vipande kadhaa, vidogo kuliko punje ya mchele.

Maabara, kipande hulowekwa kwenye fomalini kisioze, hugandishwa ndani ya nta, kisha hukatwa vipande vyembamba vya mikroni 3 hadi 5. Ukivitazama hivyo hivyo kwa hadubini huoni cha maana, maana seli karibu hazina rangi. Basi tunatia rangi mbili. Hematoksilini, inayotokana na mti wa Amerika ya Kati, hupaka kiini cha seli rangi ya buluu. Eosini hupaka sehemu iliyobaki rangi ya waridi.

Seli njema hujipanga kama wanafunzi paredi: viini vidogo, vinalingana. Za kansa viini vyake ni vikubwa, vimekoza rangi, kila kimoja na umbo lake, na seli zimevunja mpaka kuingia tabaka za chini. Kuna aina hujaa ute hadi kiini kikasukumwa pembeni, seli ikafanana na pete. Hizo hujificha sana, hivyo huongezwa rangi ya PAS inayokoleza ule ute.

Lakini seli zinazopona kando ya kidonda nazo huvimba viini, zikadanganya jicho. Rangi inaonyesha tu. Anayeamua ni mtaalamu. Rangi ya Giemsa nayo humwonyesha bakteria Helicobacter pylori, aliyewapatia Barry Marshall na Robin Warren tuzo ya Nobel mwaka 2005. Huyo ana dawa.

Mama mdogo akanyamaza. "Kwa hiyo wakinikata si lazima iwe kansa?"

Si lazima, mama. Vidonda vingi si kansa. Ila bila kipande, sote tunabahatisha.

Alikwenda Jumanne. Majibu tunayasubiri.