Dishi la Setilaiti na Mnara wa Simu: Jinsi Mwingiliano wa Mawimbi Unavyopimwa

Simu ikikatika katikati ya mazungumzo huko Ngomeni, au ajenti wa pesa za simu akipoteza mtandao wakati foleni imefika mlangoni, wengi hutupia jicho madishi makubwa ya kituo cha anga. Je, ni hayo yanayotuvuruga?

Swali hilo lina haki ya kujibiwa. Kuna njia inayojulikana ya kupima iwapo kituo cha setilaiti kinaingilia mitambo mingine, na mkaazi ana sehemu yake katika upimaji huo. Makala haya yanaeleza njia hiyo ili ukienda kulalamika, au ukiitwa kutoa maoni kuhusu mtambo mpya, ujue la kuuliza.

Kituo kinafanya nini

Kituo cha Anga cha Luigi Broglio kiko Ngomeni, kaskazini mwa mji wa Malindi, na kinaendeshwa na Italia kwa makubaliano na Kenya. Kati ya mwaka 1967 na 1988 roketi zilirushwa kutoka jukwaa la San Marco lililosimikwa baharini. Mojawapo ilibeba setilaiti iliyopewa jina Uhuru, kwa sababu ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970, siku ya sikukuu yetu ya uhuru.

Leo roketi hazirushwi tena, lakini madishi ya nchi kavu yanafanya kazi. Setilaiti ya utafiti ya Swift, iliyorushwa mwaka 2004, imekuwa ikiteremsha data zake kupitia Malindi. Mahali petu karibu na ikweta panafaa kwa setilaiti za namna hiyo, kwa kuwa hupita juu yetu mara nyingi kwa siku.

Kituo cha aina hii hufanya mambo mawili. Hutuma amri kwenda angani, kwa kawaida katika masafa ya megahatsi 2,025 hadi 2,110. Kisha hupokea data kutoka angani, kwa mfano katika megahatsi 2,200 hadi 2,290 na pia 8,025 hadi 8,400. Masafa hayo si mali ya setilaiti peke yake. Kanuni za kimataifa zinaruhusu pia mitambo ya ardhini, hasa viungo vya maikrowevu vinavyounganisha mnara mmoja na mwingine. Ni kama eneo moja la uvuvi lenye vyombo vingi: wote wana haki ya kuwa pale, mradi wakubaliane nani anatega wapi.

Nani anaweza kuathirika

Redio ya FM hutumia megahatsi 87.5 hadi 108. Redio ya wavuvi, chaneli 16 ya dharura, iko megahatsi 156.8. Televisheni ya dijitali iko chini ya megahatsi 700. Zote ziko mbali na masafa ya kutuma amri kwa setilaiti. Picha ya televisheni ikikwaruza, chanzo huwa mara nyingi ni antena iliyoliwa na chumvi ya bahari, kebo iliyochoka au mti uliokua mbele.

Wanaohitaji kuangaliwa kwa makini ni wawili. Wa kwanza ni viungo vya maikrowevu vinavyotumia masafa yale yale. Kiungo kimoja kikivurugika, mnara mzima wa simu unaweza kukosa mawasiliano, na pamoja nao zahanati, shule na maduka yanayoutegemea. Wa pili ni simu za 3G za megahatsi 2,110 hadi 2,170. Hayo ni masafa ambayo simu yako hupokea kutoka kwenye mnara, nayo yanaanza pale ambapo masafa ya kituo yanaishia. Hapa wataalamu hukagua kama mtambo wa kituo unamwaga nguvu nje ya mipaka yake.

Hatua za upimaji

Hatua ya kwanza ni kuchora ramani. Muungano wa Kimataifa wa Mawasiliano, ITU, una kanuni za kukokotoa eneo linalozunguka kituo ambamo mitambo mingine lazima iangaliwe. Eneo hilo linaweza kufika kilomita 100 na zaidi. Kuwa ndani ya mstari hakumaanishi kwamba utaathirika. Kunamaanisha kwamba mtambo wako ni lazima uhesabiwe.

Hatua ya pili ni kuorodhesha kila mtambo wenye leseni ndani ya eneo hilo: uko wapi, unatumia masafa gani, antena yake imeelekea wapi na iko juu kiasi gani.

Hatua ya tatu ni hesabu yenyewe, na mambo matatu ndiyo yenye uzito.

Kwanza, mwelekeo. Dishi hukusanya nguvu kama tochi. Tuchukue mfano wa dishi lenye kipenyo cha mita 10 linalotuma kwa takriban megahatsi 2,100. Nyuzi 5 pembeni mwa mwale wake, nguvu huwa imepungua mara mia kadhaa. Nyuzi 50 pembeni, imepungua zaidi ya mara 100,000. Kwa hiyo setilaiti ikiwa juu ya utosi, kinachofika kijijini ni kidogo sana. Wakati wa kuangalia ni pale setilaiti inapochomoza au kuzama na dishi limeinama karibu na upeo wa macho. Ndiyo maana kanuni za kimataifa hukataza vituo kutuma dishi likiwa chini ya nyuzi 3 kutoka usawa wa ardhi, na nyuzi 5 kwa setilaiti za utafiti zinazozunguka karibu na dunia, isipokuwa wahusika wamekubaliana.

Pili, umbali. Mahali pa wazi, umbali ukiongezeka mara mbili, nguvu hubaki robo. Ukiongezeka mara kumi, hubaki sehemu moja kwa mia.

Tatu, kizuizi. Mlima hufunga njia ya mawimbi. Kituo cha Longonot katika Kaunti ya Nakuru, kilichofunguliwa mwaka 1970, kimekaa ndani ya Bonde la Ufa. Pwani yetu ni tambarare, kwa hivyo hatuna ukuta wa namna hiyo.

Baada ya hesabu, jibu hulinganishwa na kelele. Kila kipokezi kina kelele yake ya asili, hata pasipo mtambo mwingine karibu. Kipimo kinachotumika sana ni kwamba mawimbi ya mgeni yasizidi sehemu moja kwa kumi ya kelele hiyo. Yakibaki chini ya hapo, mtumiaji hatahisi tofauti. Yakizidi, lazima kitu kibadilishwe.

Hatua ya nne ni kwenda uwanjani na vifaa vya kupimia, kituo kikiwa kinatuma na kikiwa kimezimwa, na kulinganisha. Karatasi inaweza kukosea. Jengo jipya, antena iliyogeuzwa na upepo au kifaa kibovu havionekani katika hesabu.

Bahari yetu hubadilisha hesabu

Wakaazi wengi wa pwani wanajua jambo hili bila kuambiwa na mhandisi. Kuna siku stesheni ya FM ya mbali, hata ya ng'ambo ya mpaka, husikika ghafla kama iko jirani, kisha hupotea. Juu ya bahari yenye joto, tabaka la hewa yenye unyevu huweza kuyabana mawimbi yakafuata uso wa maji badala ya kupotelea angani. Yakipata njia hiyo husafiri mbali kuliko kawaida.

ITU huigawa dunia katika maeneo kwa ajili ya hesabu hizi. Bahari yenye joto kama Bahari ya Hindi mbele yetu ina kundi lake, na ukanda wa nchi kavu ulio chini karibu na bahari una lake. Kwa hivyo hesabu iliyofanywa kwa kituo cha bara haiwezi kunakiliwa Ngomeni. Tathmini nzuri hujibu maswali mawili: hali ikoje siku nyingi za kawaida, na hali ikoje katika zile dakika chache za mwaka ambapo bahari imefungua njia? Kwa kuwa mipaka ya Tanzania na Somalia haiko mbali kwa kipimo cha mawimbi, huenda mashauriano yakahitaji kuvuka mipaka pia.

Matokeo yakiwa mabaya

Tatizo likionekana, mara chache huwa ni lazima kituo kifungwe. Kinaweza kupunguza nguvu, kuacha kutuma dishi linapoelekea upande fulani, kungoja setilaiti ipande juu zaidi, au kuwekewa chujio la masafa. Kiungo cha maikrowevu kinachotazama kituo moja kwa moja kwa masafa yale yale huhitaji dawa nyingine: kuhamishiwa masafa tofauti au kupitishwa mnara mwingine. La muhimu ni nani atalipia. Swali hilo liulizwe kabla ya leseni kutolewa.

Tukumbuke pia kwamba mwingiliano huenda pande zote mbili. Data kutoka angani hufika ikiwa dhaifu mno. Kifaa cha kuongeza nguvu ya simu kilichonunuliwa bila kuidhinishwa na kufungwa juu ya duka kinaweza kuvuruga kituo, na zaidi ya hapo kuvuruga simu za majirani. Kabla ya kununua, uliza kama kimeidhinishwa na Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya, CA.

Ukishuku kwamba unaathirika

Setilaiti ya chini hupita juu ya upeo wetu kwa dakika kama 10 hivi, kisha hurudi baada ya takriban saa moja na nusu. Kwa hivyo mwingiliano wa kweli kutoka dishi linaloifuata utakuwa na sura hiyo: mfupi, wenye kujirudia. Mtandao ukipotea mchana kutwa, chanzo kinaelekea kuwa kingine, kwa mfano umeme kukatika kwenye mnara au kebo ya nyuzi kukatwa.

Chukua daftari na uandike kwa siku saba:

- tarehe, saa tatizo lilipoanza na saa lilipoisha;
- mahali ulipokuwa;
- kifaa na mtandao uliokuwa ukitumia;
- kama jirani mwenye mtandao mwingine alipata tatizo hilo hilo;
- hali ya hewa, na kama bahari ilikuwa shwari.

Anza na kampuni inayokuhudumia, na uombe nambari ya malalamiko yako. Usiporidhika, peleka malalamiko kwa CA. Rekodi ya saa kamili inaweza kulinganishwa na ratiba ya kituo ya kutuma, na hapo ukweli hujitokeza. Malalamiko ya "mtandao ni mbaya siku hizi" hayana cha kulinganishwa nacho.

Nani anaamua

Chini ya Jedwali la Nne la Katiba, mawasiliano ya simu na utangazaji ni jukumu la Serikali ya Kitaifa, na CA ndiyo inayotoa leseni za masafa. Kaunti haiwezi kutoa wala kufuta leseni hiyo. Hata hivyo, mipango ya maendeleo ni jukumu la kaunti, na ujenzi karibu na kituo huigusa mipango hiyo. Jengo refu au mnara mpya unaweza kubadilisha njia ya mawimbi. Miradi inayohitaji tathmini ya athari kwa mazingira hupitia NEMA, na wananchi hupewa nafasi ya kutoa maoni.

Suala la usalama wa afya karibu na dishi hupimwa kando, kwa viwango vyake. Usikubali jibu la moja litumike kujibu lingine.

Ukifika kwenye kikao cha maoni, uliza haya: Ni mitambo mingapi imehesabiwa ndani ya eneo, na wa kwetu umo? Hesabu imezingatia bahari? Vipimo vya uwanjani vitafanywa lini, na matokeo yatabandikwa wapi? Tatizo likitokea baadaye, nani atarekebisha na kwa muda gani? Omba majibu yaandikwe katika kumbukumbu za kikao.