Mama kanenepa kwenye mkanda? Laumu vipimo!

Umeuchukua mkanda wa VHS wa harusi ya wazazi wako, ukautoa upya kwa HD ili ukoo mzima uone kwenye tivii pana. Siku ya siku, bi harusi aliyekuwa mwembamba kama njiti anatokea kajaa kama pipa, na pete yake imekuwa yai! Watu vicheko, mama kanuna.

Kamera haina kosa. Picha za enzi zile zilikuwa upana 4 kwa kimo 3. Tivii za leo ni 16 kwa 9. Ukiiambia programu ijaze kioo chote, inaivuta picha pembeni kwa theluthi nzima. Hapo nani atabaki na shepu?

Dawa ni hesabu ndogo tu. HD kamili ni pikseli 1920 kwa 1080. Kwa kimo cha 1080, picha ya 4 kwa 3 inataka upana wa 1440. Zinabaki 480, basi acha weusi wa 240 kila upande. Usiuonee haya weusi huo, ndio unaolinda sura za watu. Ukikata juu na chini ili kuukwepa, robo ya picha inakwenda, pengine na kilemba cha bibi.

Kabla ya kutoa filamu nzima, jaribu sekunde 10 zenye kitu cha mviringo: sahani, saa, gurudumu. Duara likibaki duara, twende kazi. Likiwa yai, rudi kwenye vipimo mapema, la sivyo kikao cha ukoo kinakuhusu!