Je, Wajua? Ubongo wa Shahidi na Mwanga wa Tochi

Je, wajua kwamba uso unaoutambua huacha alama kwenye ubongo hata kabla hujafungua mdomo? Mtu huvishwa kofia yenye elektrodi, kisha huonyeshwa picha za nyuso, moja baada ya nyingine. Kiasi cha milisekunde 300 baada ya kuonekana uso wenye maana kwake, wimbi la umeme hupanda. Wataalamu huliita P300, na lilielezwa mara ya kwanza mwaka 1965. Mwaka 2007 watafiti wa Kanada waliwaonyesha watu video ya uhalifu, kisha picha za washukiwa. Wimbi lilipanda zaidi kwa uso wa mhalifu.

Je, wajua kwamba wimbi hilo halijui uso ulionekana wapi? Chukua mwendesha bodaboda wa Malaba aliyeporwa usiku. Anaonyeshwa kijana anayemwona kila asubuhi stejini. Ubongo wake utaitika, kijana huyo awe mwizi au jirani tu.

Mwaka 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walipima jambo hili kwa mashine ya kupiga picha za ubongo. Waliweza kusema vizuri kama mtu anaamini ameuona uso fulani. Kama kweli aliuona, hapo mashine ilishindwa kwa kiasi kikubwa. Kwangu hili ndilo jambo zito kuliko yote, kwa sababu shahidi anayekosea kwa kawaida hasemi uongo: anaamini.

Je, wajua kwamba mahakama za pande zote mbili za mpaka wa Busia zina urithi mmoja katika suala la shahidi kumtambua mshukiwa? Mwaka 1953, katika kesi ya Abdallah bin Wendo, mahakama ya rufani ya pamoja ya Afrika Mashariki ilionya kwamba ushahidi wa utambuzi wa mtu mmoja, hasa katika mazingira magumu, upimwe kwa uangalifu mkubwa. Mwaka 1986, katika kesi ya Maitanyi, Mahakama ya Rufani ya Kenya ilitaka ijulikane mwanga ulikuwa wa aina gani, mkali kiasi gani, na ulikuwa upande gani wa mshukiwa. Ng'ambo, nchini Uganda, kesi ya Abdala Nabulere huuliza mambo hayohayo pamoja na umbali, muda, na kama shahidi alimfahamu mtu huyo kabla.

Je, wajua masharti ya gwaride la utambulisho? Tangu kesi ya Mwango ya 1936, mshukiwa husimama kati ya watu wasiopungua wanane wanaofanana naye kwa umri, kimo na sura, na huchagua mwenyewe mahali pa kusimama. Katika kesi ya Ajode ya 2004, majaji wa Kenya walisisitiza pia kwamba shahidi aeleze kwanza jinsi mshukiwa alivyoonekana, kabla ya gwaride. Ukiporwa leo Bukhayo, Busia, anza na hayo kwa polisi: urefu, kovu, nguo, sauti, na tochi ilimulika kutoka wapi.