BADO HAIJASOMA!

Kama kuna maneno yanayoongoza kwa kutukera sisi watoto wa mjini siku hizi, basi ni haya: "Bado haijasoma." Umelipa, haijasoma. Umesajili, haijasoma. Mimi niliyeishia kidato cha nne nasemwa kila siku nyumbani kwamba sikusoma, kumbe hata kompyuta za wakubwa nazo hazijasoma!

Utani kando. Wiki hii tuongelee gari ambalo limeshapita ukaguzi, lakini kwenye kumbukumbu bado linaonekana bovu. Hilo si jambo dogo, waulize wanaokula kwa usukani.

Kaka yangu anaendesha Kosta, ruti ya Bunju na Makumbusho. Juzijuzi ilikutwa breki hazieleweki na taa moja ya nyuma imekufa. Ikasimamishwa, na hapo sina ugomvi, haki yao. Bosi akatoa mshiko, fundi akafanya kazi yake. Jumatatu ikarudishwa kukaguliwa: breki, usukani, matairi, taa, honi, mpaka waipa. Ikapita, karatasi ikagongwa muhuri.

Jumatano ikapigwa mkono barabarani. Namba ikabonyezwa, jibu likaja: gari limezuiwa. Kaka akatoa karatasi yake kwa mbwembwe.

"Dereva, karatasi naiona, lakini mimi naangalia sistimu."

"Afande, si huu muhuri wenu?"

"Nenda kaulize huko huko."

Tukaenda wote siku ya pili. Jina la ofisi nalihifadhi. Dada wa dirishani hakuwa na roho mbaya. Aliangalia, akasema, "Kaka, kweli mmepita, ila taarifa haijaingizwa. Anayeingiza yuko safari."

Ikasoma Jumatatu iliyofuata! Piga hesabu mwenyewe. Jumatano mpaka Jumapili ni siku tano. Hesabu ya bosi ni 70,000 kwa siku, jumla 350,000 zimeyeyuka. Konda naye alilala njaa siku hizo zote, na bosi akaanza kumwangalia kaka kwa jicho la "huyu ananiibia".

GARI MOJA, NYUMBA NNE

Tatizo ni kwamba gari moja la abiria Bongo lina nyumba nyingi za kupiga hodi. Kadi ya gari iko TRA. Bima inahakikiwa kwenye mtandao wa TIRA. Makosa ya barabarani na faini ni Polisi. Leseni ya kubeba abiria ni LATRA, iliyochukua nafasi ya SUMATRA mwaka 2019. Kila nyumba ina daftari lake. Moja ikichelewa kuandika, wewe ndiye unayegeuzwa tarishi wa kubeba habari kutoka nyumba hii kwenda ile.

Zamani mambo yote yalikuwa kwenye kioo cha mbele. Kioo kilijaa stika utadhani ukuta wa kinyozi! Mwaka 2017 ada ya mwaka ya rodi laisensi ikafutwa, na baadaye stika za bima nazo zikahamia kwenye mtandao. Vizuri sana, maana stika ilikuwa inaghushiwa. Lakini stika ilikuwa na sifa moja: ukibandikiwa leo, imesoma leo. Hakuna stika iliyokwenda safari.

MLANGO WA KISHOKA

Usione siku tano ukadhani ni siku tano tu. Humo ndimo anamozaliwa kishoka. Anakufuata nje ya geti, anakunong'oneza, "Mshikaji, toa kitu kidogo, nakusomeshea sasa hivi." Mtu mwenye karatasi halali ananunua haki yake mwenyewe! Ukishalipia haki mara moja, mara ya pili utaona bora ulipe bila hata kukaguliwa. Hapo abiria tumekwisha.

Halafu geuza shilingi upande wa pili. Kama gari zima linaweza kuonekana bovu siku tano, gari lililofeli leo nalo linaweza kuonekana zima siku tano. Kosta isiyo na breki inateremka mlima na abiria wamening'inia mlangoni, na kwenye simu ya afande inasoma safi kabisa. Soo hilo si la dereva peke yake. Ni la mimi na wewe tuliokaa siti ya nyuma.

DAWA YAKE

Dawa ninayoiona ni moja. Majibu yaingizwe pale pale gari lilipo, kabla dereva hajawasha injini. Na kama mtandao umekata, basi ule muhuri wenye tarehe uheshimiwe mpaka ofisi imalize kuandika. Aliyechelewa kuandika ndiye abebe mzigo, si aliyetengeneza breki.

Wakati tukisubiri, jihami. Piga picha karatasi ya ukaguzi kabla hujaondoka. Shika jina la mkaguzi na saa. Ingiza namba ya gari kwenye mtandao wa Polisi uone deni. Likiwa limeshalipwa na bado linaonekana, rudi siku hiyo hiyo na risiti mkononi. Na yule wa nje ya geti, mwambie una haraka.

Haya, tukutane wiki ijayo. Ukiona ukurasa huu haupo, ujue mhariri naye hajaniingiza kwenye sistimu!