Je, Wajua? Koseti Ishonewayo Mwilini

Wadinka wa Sudan Kusini, ambao baadhi yao walikimbilia kambi ya Kakuma, Turkana, tangu mwaka 1992, wana koseti ya shanga ambayo, kwa ada ya kale, hushonewa mwilini mwa kijana wa kiume, ikambana barabara kwa nyaya za mgongoni, wala haivuliwi ila kwa kukatwa. Rangi zake hubainisha rika, na kimo chake nyuma hudhihirisha utajiri. Ya wasichana, kinyume chake, huachwa ikining'inia.

Tofauti na kijana huyo, bibi arusi wa Lodwar, huko huko Turkana kwenye joto, atakaye koseti ya lesi kwa fundi cherehani, na apimwe kifua, mbavu na kiuno, kisha aijaribu ameketi, maana imkaayo vyema amesimama huenda ikamdhiki mara tu pilau ifikapo mezani.